Funguo Mbili za Abuela

Kwa maelezo ya Doña Otilia Barrientos, mambo yalikuwa hivi. Ijumaa ile, tarehe mosi Agosti, saa moja asubuhi, alikuwa akikwangua theluji mlangoni pake alipomwona jirani yake Anselmo Painemil, mwendesha lifti ya viti ya mlimani, akipanda njia ya kwenda kwenye lifti yake, chupa mkononi, anayumba. Akamsalimu, hakuitikiwa vizuri. Akamwona anaingia kwenye kibanda cha injini na chupa yake. Saa tano lifti ikiwa inakwenda, upepo unavuma, kiti kimoja kikagonga mnara wa nne kikakatika, na yule msichana aliyekuwa amekikalia, Noemí Saldías, mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, umri miaka kumi na tisa, akaanguka juu ya mawe. Anselmo alikuwa amelewa. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo alivyotia sahihi.

Inspekta Zulema Catrileo alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akamwomba aanze tena. Doña Otilia akaanza tena. Neno kwa neno, hata "umri miaka kumi na tisa" likaja mahali pake lile lile, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa.

"Alikuwa anayumba vipi, Doña?"

"Kama mlevi anavyoyumba. Kwani kuna namna ngapi?"

"Na wewe ulikuwa unakwangua theluji."

"Si nimeshasema?"

"Basi njia ilikuwa barafu tupu."

Doña Otilia aligeuza maandazi kwenye kikaango. Kibanda chake kilikuwa chini kabisa ya Trafulco, kituo cha kutelezea kwenye theluji, pale mabasi yanapowashusha watalii, na hakuna mtelezaji aliyepita hapo bila kula andazi lake. "Mwanangu, umekuja kuuliza au umekuja kuninyonga?"

"Nimekuja kuuliza. Chupa ilikuwa ya nini?"

"Pombe. Chupa ya pombe unaijua tu."

"Ulikunywa mafunda mangapi?"

"Saba, kama kila..."

Andazi likaanza kuungua.

Zulema hakunyanyua sauti. Akiwa na hasira sauti yake hushuka, na asubuhi ile ilikuwa imeshuka mno. "Saba. Kama kila mtu. Mimi yangu niliyanywa saa kumi na mbili, mama amenisimamia kichwani mpaka la mwisho. Pombe ya miwa na majani ya ruda, tarehe mosi Agosti, kabla hujatia kitu tumboni, ili baridi isikumalize. Padri alikunywa. Daktari aliyeandika kwamba Anselmo ananuka pombe, alikunywa. Siku ile, Doña Otilia, ungewasha kiberiti kwenye kanisa letu, lingeungua. Na Anselmo kila mwaka anapitisha chupa ya marehemu mama yake nyumba kwa nyumba. Alipita kwako. Mbona karatasi yako haisemi?"

"Karatasi niliikuta imeandikwa."

"Na nani?"

"Waliileta. Kutoka hotelini huko, kwa wenye kituo." Mwanamke yule alilitoa andazi lililoungua akalitupia mbwa. "Usinitolee macho hivyo. Kibanda hiki kimesimama kwenye ardhi ya nani? Ya baba yako?"

"Alikuwa anayumba?"

"Alikuwa na haraka. Alikuwa amebakiza nyumba nne."

"Nikiandika hivyo, utatia sahihi?"

"Andika. Andika na mafunda saba, andika na andazi langu lililoungua." Alifuta mikono kwenye aproni. "Lakini hilo halimtoi, Inspekta. Hata akiwa mkavu kama mfupa, lifti ni yake, kibanda ni chake, na breki aliivuta yeye."

Hapo alisema kweli, na Zulema alilijua hilo. Saa kumi alasiri jaji angemsikiliza Anselmo Painemil mjini, saa nzima kwa gari. Bila kitu kingine zaidi ya pombe ya ruda, angepelekwa gereza la mkoa kungoja kesi, na kesi za watu wa mlimani huko mjini hungoja miaka miwili, mitatu. Anselmo alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Ilikuwa saa nne na robo.

*

Kituo cha polisi cha Trafulco kina chumba kimoja cha mahabusu, nacho ni ghala la zamani la mbao za kutelezea. Anselmo alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono wa kushoto umefungwa kwa shali la mkewe. Mlangoni alikaa Sajenti Villablanca, anamenya chungwa.

Zulema alianza na karatasi, kama kawaida yake. Orodha ya vitu alivyokamatwa navyo mtuhumiwa. Kisu cha mfukoni. Kiberiti. Leso. Kitambulisho. Ufunguo mmoja wa chuma, wenye kamba ya ngozi.

"Sajenti, huu ufunguo ulikuwa wapi?"

"Shingoni kwake."

"Ni wa nini?"

"Wa nyumba, nadhani."

"Nyumba ya Anselmo inafungwa kwa komeo la mti. Umekula pale mara ngapi, na hujaona mlango?"

Sajenti aliweka kipande cha chungwa mdomoni, akakosa pa kukimezea. Zulema akavuta kiti akakaa mbele ya mtuhumiwa.

"Mjomba Anselmo. Kwa nini ulikuwa umeuvaa?"

"Puelche," alisema Anselmo.

Kwa mtu wa Trafulco lilikuwa jibu kamili. Siku zote upepo hutoka magharibi, na mlima wenyewe unaukinga. Puelche hutoka mashariki, mara tatu nne kwa msimu, nao huingia bondeni na kupiga viti ubavuni. Lifti mpya hustahimili. Abuela haistahimili. Ndiyo lifti ya kwanza ya mlima huo, wameiita Bibi kwa uzee wake; ina viti vya mbao na injini iliyotolewa kwenye lori, na siku hizi kazi yake ni kupandisha watalii wanaotaka kupiga picha za kizamani. Mtu wa Abuela akisikia Puelche, huzima injini, huchomoa ufunguo na kuuvaa shingoni, na haivuliwi kamba ile mpaka upepo ulale. Baba yake Anselmo alifanya hivyo, na babu yake.

"Uliuvaa saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu. Nikapeleka habari hotelini, Abuela imelala. Nikaenda chini kufunga milango ya banda la mbuzi. Saa tano nasikia injini. Nikadhani ni masikio yangu tu. Nikakimbia. Nafika kibandani, hakuna mtu, injini inanguruma na ufunguo umo. Nikavuta breki, maana breki ndiyo ya haraka. Imesimama, mimi nageuka, yule mtoto ameshaanguka. Nikatoka kumkimbilia, nikateleza juu ya mkono huu. Waliponirudisha kibandani, ufunguo haumo."

"Na wako uko shingoni."

"Wangu uko shingoni muda wote! Niliwaonyesha! Nilimwambia huyu hapa," akamnyooshea Villablanca mkono mzima, "nikamwambia tazama shingoni, tazama! Alikuwa ameshaandika 'amelewa' kabla sijafunga mdomo."

"Walikuwa watu wengi," alisema Villablanca. "Don Gastón mwenyewe, wa hotelini, alisema..."

"Don Gastón ni sajenti hapa?"

"Hapana, Inspekta."

"Basi nyamaza."

Zulema aliutoa ufunguo kwenye bahasha. Ulikuwa mrefu kama kiganja, na kwenye meno yake umeganda utando wa manjano. Akaunusa. Harufu ya zizi.

"Hii ni nini?"

"Mafuta ya mbuzi. Ya figo, nayayeyusha mwenyewe. Grisi ya dukani inaganda ikawa jiwe, asubuhi ufunguo hauingii. Mimi najaza tundu lote mafuta ya mbuzi. Kule juu wanacheka, eti Abuela inanuka beberu."

"Kuna mwingine anayefanya hivyo?"

"Nani atafanya? Hao wa lifti mpya wanabonyeza vitufe."

"Funguo za Abuela ziko ngapi?"

"Mbili. Zilikuja na injini. Huu." Anselmo alitazama ukuta. "Na ule wa kwenye kabati la kioo, kule hotelini."

*

Ukumbi wa hoteli ulikuwa bado umepambwa kwa sherehe. MIAKA HAMSINI YA TRAFULCO, 1947–1997, kitambaa chekundu kutoka nguzo hadi nguzo. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu msichana afe, na hakuna aliyepanda ngazi kukishusha. Mezani paliwekwa vijitabu vya historia ya kituo, karatasi nzito ya kung'aa, wageni wajichukulie.

Zulema alisoma kimoja wakati anangoja. Mwanzilishi, Don Bautista Etchart, anauona mlima kwa mara ya kwanza. Mwanzilishi anachonga mbao za kutelezea kwa mti wa lenga. Mwanzilishi anapandisha injini ya lori mpaka mita elfu moja na mia saba, "akisaidiwa na wenyeji wenye moyo mwema." Katika picha, wenyeji wenye moyo mwema walikuwa tisa na ng'ombe dume sita, kamba mabegani, theluji kiunoni, na mwanzilishi alikuwa pembeni amevaa glavu. Jina moja tu liliandikwa chini ya picha. Zulema alimtambua babu yake Anselmo kwa masikio.

"Picha nzuri, sivyo?" Gastón Etchart, mjukuu wa mwanzilishi, alishuka ngazi mikono imetangulia. "Samahani kwa kukungojesha, binti yangu. Wiki hii tumeumia sote."

"Inspekta."

"Ndiyo, ndiyo, Inspekta. Nilikujua ukiwa mdogo, unauza mayai hapo mlangoni."

"Na jikoni kwako wakanilipa nusu. Ijumaa saa tano ulikuwa wapi, Don Gastón?"

Alikuwa kwenye uwanja wa mnara wa kwanza, na wageni. Watu wa televisheni walikuwa wamekuja kutoka mji mkuu na walikuwa na saa moja tu. Walimu kumi wa kuteleza walivaa nguo za mwaka arobaini na saba, sketi ndefu, kofia za sufu, wapande Abuela kwa ajili ya kamera. Habari ya Anselmo kwamba lifti imelala? Hakuletewa. Pengine alimwambia mhudumu fulani, unajua tena mtu akinywa.

"Uliiona lifti inaanza kwenda. Hukushangaa?"

"Nilifurahi. Nilidhani Anselmo amepata akili."

"Alipata akili bila ufunguo? Wake ulikuwa shingoni."

Don Gastón alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hawa watu wa mlimani, Inspekta... wako na wangu, nawapenda wote... wana mikono mizuri. Kuchonga ufunguo wa ziada ni kazi ya nusu saa."

"Sawa. Amechonga. Sasa huyu mwenye ufunguo wa kuchonga, ule halisi anauvalia nini?"

Tabasamu likabaki pale pale, limesahauliwa.

"Na ule wa kwenye kioo," Zulema akaendelea, "ulitoka lini mara ya mwisho?"

"Wa babu? Haujatoka kabatini tangu mazishi ya baba yangu. Miaka tisa."

"Una hakika?"

"Ule ni moyo wa nyumba hii. Ungetoka, ningejua."

"Niandikie." Akamsogezea daftari na kalamu. "Haya haya maneno. Miaka tisa, na kwamba ungetoka ungejua."

Aliandika. Mkono wa mtu aliyezoea kutia sahihi, hausomi. Alipomaliza aliweka kalamu chini kwa adabu na kumwinamia sikioni. "Kuna mama mmoja mjini amempoteza binti yake. Anataka kujua nani alikosea, alale. Tumempa jibu. Wewe unamtakia nini? Nitampigia mkuu wako, tuone kama na yeye anapenda hivi."

"Mpigie. Mwambie niko hapa mpaka saa tisa kasoro."

Alikwenda kupiga simu kweli. Zulema akakunja ukurasa, akautia mfuko wa ndani, akafunga kifungo.

*

Kabati la kioo lilikuwa mwisho wa ukumbi, chini ya kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukutani. Mbao za lenga, glavu, barua, na katikati, kwenye msumari wa shaba, ufunguo. Señorita Brunilda Oyarzún, mtunza kabati, alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika kazi hiyo. Yeye ndiye aliyewasimulia wageni historia, kila basi, asubuhi na alasiri. Yeye ndiye aliyepangusa. Alivaa ufunguo mdogo wa kabati kiunoni, kwa mnyororo.

"Unasafisha lini, señorita?"

"Alhamisi. Nasugua chuma chote kwa jivu, mpaka kiwe kama sahani. Ukikuta chembe ya vumbi nikate mkono."

"Alhamisi iliyopita ulisugua?"

"Kwa ajili ya sherehe? Nilisugua mara mbili!"

"Nifungulie."

Alifungua. Zulema alivaa glavu, akaushusha ufunguo kutoka kwenye msumari, akaupeleka dirishani. Mpini ulikuwa unang'aa. Mtu alikuwa ameupangusa, na aliupangusa vizuri, kama mtu apangusavyo kisu cha mezani. Kwenye meno hakufika. Kati ya jino la pili na la tatu palikuwa na kitu cha manjano, kimeganda kama nta.

Akamsogezea Brunilda puani. "Nini hiki?"

Mwanamke alirudisha kichwa nyuma. "Beberu," alisema, na alipolisikia neno lake mwenyewe akaziba mdomo.

"Alhamisi ulisugua mara mbili. Leo ufunguo una mafuta ya mbuzi. Yako sehemu moja tu kwenye mlima huu, nayo ni ndani ya tundu la Abuela." Zulema aliufunga ufunguo kwenye karatasi, akaandika saa, akamfanya mwanamke atazame anavyoandika. "Ulitoka Ijumaa. Na kabati halikuvunjwa. Nani alikuja kwako?"

"Nilikuwa na wageni wengi."

"Nani?"

"Siwezi kukumbuka kila..."

"Señorita Brunilda. Noemí alikuwa anakuja hapa kabla ya kazi, unampa kahawa. Watu wa jikoni wameniambia. Sketi aliyokufa nayo nani aliishona?"

Brunilda alishika ukingo wa kabati.

"Mimi," alisema.

"Usiku kucha uliipunguza kiuno, maana alikuwa mwembamba. Nami nilikuwepo kule juu ya mawe. Nimeiona mishono yako. Sasa sikiliza, sina muda wa kukubembeleza. Saa kumi jaji anaanza. Ninao ufunguo, ninayo karatasi ya mtu anayesema haukutoka miaka tisa. Wakili wake atasema wewe ulimfungulia Anselmo. Atasema hivyo bila kupepesa jicho, na utakuwa wewe na Anselmo, mko wawili, na watu wa nyumba hii hawamo. Nani alikuja?"

"Nyumba ninayokaa ni yao."

"Najua."

"Mama yangu ana miaka themanini na nane, yumo ndani. Theluji hii, nimpeleke wapi?"

"Sijui. Sitakudanganya, sijui. Lakini Anselmo naye yumo kwenye ghala, mkono umevunjika, anaitwa mlevi na muuaji kwa sababu alizima lifti walipotaka iende!" Sauti ya Zulema ilikuwa imepanda sasa, na mhudumu wa mapokezi aligeuka. "Babu yake alivuta injini ile kwa mabega. Hata jina lake hamkuliandika! Miaka thelathini na mmoja unasimama hapa unasema akisaidiwa na wenyeji. Wenyeji gani? Huwajui? Si mnakula nao?"

"Nimeandikiwa. Nasema nilivyoandikiwa."

"Safari hii hukuandikiwa. Sema jina. Moja tu, na nitaliandika mwenyewe."

Nje breki za basi zilipiga kelele. Milango ya ukumbi ikafunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi watu arobaini wenye makoti ya rangi, wanapuliza vidole, wanacheka, wanaulizana choo kiko wapi. Mwongozaji wao akapiga makofi. "Señorita! Tumewahi historia?"

Brunilda aliutazama ukurasa mtupu wa daftari la Zulema, aliitazama kalamu iliyonyooshwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Akanyoosha sketi yake kwa mikono miwili, akageuka.

"Karibuni Trafulco," alisema, kwa sauti ya kila siku. "Mwaka elfu moja mia tisa arobaini na saba, Don Bautista Etchart aliuona mlima huu kwa mara ya kwanza."

Zulema hakuondoka. Alibaki ubavuni pake, kalamu mkononi, na watalii wakamzunguka wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Brunilda alionyesha mbao za lenga. Alionyesha glavu. Alisoma barua kwa moyo, bila kuitazama. Alieleza injini ilivyopanda, theluji ilivyokuwa kiunoni, akafika kwenye "akisaidiwa na" akakohoa, akaruka sentensi nzima.

"Na hapa," akasema, akinyoosha mkono kama alivyounyoosha mara elfu, "hapa tunao..."

Mkono ulisimama mbele ya msumari mtupu.

Watu wakangoja. Bwana mmoja mwenye kamera aliishusha. Kule mezani pa mapokezi Don Gastón alikuwa bado ameshika simu, lakini sasa alikuwa ameacha kuzungumza, anatazama upande huu.

"Nani, señorita?" alisema Zulema, polepole, asisikike na mwingine. "Nakuomba."

Brunilda hakuushusha mkono; macho yake yakaenda mezani pa mapokezi.